Walipokataa Gitaa Salmivaara

Salmivaara, 3 Novemba 2008

Wifi yangu Sirkka,

Juzi Jumamosi, Siku ya Watakatifu Wote, nilikwenda makaburini, na vidole bado vinaniuma kwa baridi. Nimewawashia mishumaa wote wawili, kaka yangu Eino na Jarkko wetu. Upepo ulizima wa Eino mara mbili, wa Jarkko ukabaki unawaka. Theluji nimeifagia, na yale maua uliyopanda Juni nimeyang'oa, yalikuwa yameoza. Mwakani tupande kitu kigumu zaidi.

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Kinanda cha kanisa nacho kimezeeka kama mimi, mabomba ya chini yanakohoa kama wazee.

Sasa sikia kinachotusumbua huku. Tangu Agosti tuna mchungaji mpya, binti wa miaka thelathini na mbili, anaitwa Henriikka Autio. Anahubiri vizuri, hilo simnyimi. Wiki iliyopita aliniita ofisini, akanimiminia kahawa, akasema Februari anataka tufanye ibada ya muziki wa metali. Nilidhani masikio yangu yamechoka.

"Metali gani?" nikamuuliza.

"Ile ile unayoijua, Lempi. Gitaa za umeme, ngoma, sauti nzito. Nyimbo ni za kitabu chetu, liturujia ni yetu, na Meza ya Bwana ipo. Helsinki wanafanya, na makanisa yanajaa vijana ambao hawajakanyaga ndani tangu kipaimara."

"Disko nalo linajaa," nikamwambia.

Baraza la usharika litapiga kura tarehe mbili Desemba. Dukani watu hawaulizani tena habari za theluji, wanaulizana wewe uko upande gani. Mwenyekiti wetu, Veikko Leinonen, anapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya saini. Mimi kama mpiga kinanda nitatakiwa kusema.

Ndiyo maana nakuomba, wifi. Niandikie ukurasa mmoja nikausome barazani. Wewe ndiye mama. Sema muziki ule ulimfanya nini mtoto wetu mpaka akajitoa uhai akiwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna atakayethubutu kukubishia.

Shangazi yake Jarkko, wifi yako,
Lempi


Västerås, 13 Novemba 2008

Wifi Lempi,

Asante kwa mishumaa. Na kwa kufagia.

Huku ng'ambo mvua tu. Kiwandani wamepunguza watu, mimi nimebaki kwa sababu najua mashine ambayo vijana hawaitaki.

Barua hiyo siandiki. Usinune. Nimekaa na kalamu jioni tatu. Nikitaka kuandika kwamba muziki ulimuua mwanangu, mkono unagoma. Nikitaka kuandika kwamba haukumuua, unagoma vilevile. Sasa niwaambie nini wazee wa Salmivaara? Waamue wenyewe, wana akili zao.

Ila na mimi nina swali. Jarkko aliishi huko Kajaani miaka miwili, ana kazi yake kwenye mbao, ana wenzake wa bendi. Oktoba ya 2006 nikamwona mlangoni kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Nikamuuliza kwa nini amerudi, akaanza kutoa nguo mfukoni. Februari tukamzika. Siku ya maziko, Pasi, yule rafiki yake mrefu, aliniambia kwamba Oktoba ile walipita kanisani kwako. Watu walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Halafu nikaogopa kuuliza.

Sasa nauliza. Walikuja kufanya nini?

Sirkka


Salmivaara, 27 Novemba 2008

Wifi yangu,

Sijanuna. Nimekuelewa, uchungu wako ni mkubwa kuliko karatasi.

Juzi tulikuwa na mkutano wa wazi katika ukumbi wa usharika, viti havikutosha. Kina mama walioka mikate ya iliki kama siku ya sherehe, kisha wakagombana mbele ya mikate yao wenyewe. Veikko alisimama akapiga meza. "Shetani amezunguka dunia nzima akitafuta soketi ya kuchomeka waya wake, na leo tunampa ya madhabahuni!"

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasubiri makofi yaishe, akasema, "Veikko, mwaka huu nimezika vijana wanne wa usharika huu. Siku za maziko ndipo nilipowaona wenzao. Wamejazana mlangoni na mashati yao meusi, hawajui wakae wapi. Nataka wajue pa kukaa."

"Wavue hayo mashati basi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Akasimama dada mmoja muuguzi, ana pete puani, kitabu cha nyimbo mkononi. Akasema yeye huimba zaburi kwenye gari akienda kazini, na gitaa za umeme ndizo zinazomfanya asilie. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, ila sikumwelewa.

Kuhusu Oktoba ile, hakuna kubwa. Walipita, tukazungumza mambo ya kawaida, wakaenda zao. Alikuwa amekonda.

Barua isikusumbue tena. Siku ya kura nitajua la kusema.

Wako,
Lempi


Ofisi ya Usharika, Salmivaara, 8 Desemba 2008

Mama Sirkka Moilanen,

Hatujaonana. Mimi ni mchungaji wa usharika alikozikwa mwanao. Nakuandikia kukuomba radhi.

Tarehe mbili baraza lilikaa kuamua juu ya ibada ya muziki wa metali niliyoipendekeza. Kabla ya kura, wifi yako Lempi aliomba nafasi. Alisema kwamba kwa uchungu umeshindwa kuandika, lakini umemtuma atuambie hivi: "Msilete mbele ya madhabahu kile kilichomuua mwanangu." Wajumbe wawili waliokuwa wameniahidi kura zao waliinamisha vichwa, nikajua kwamba yameisha. Tulishindwa, saba kwa sita.

Sikuandikii kulalamika. Ningejua maumivu yako, ningekuja kwako kwanza, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Nilifikiria vijana walio hai na kumsahau mama aliyefiwa. Nisamehe.

Nimemwandikia mwenzangu wa usharika wa Hietajärvi. Wao wako tayari kuipokea ibada hiyo Februari. Kama hata hilo litakuumiza, niambie, nami nitajiondoa.

Kwa heshima,
Mchungaji Henriikka Autio


Västerås, 15 Desemba 2008

Lempi,

Nimepata barua kutoka kwa mchungaji wako. Ananiomba radhi kwa maneno ambayo sikuyasema.

Nani alikutuma? Nilikuandikia kwa Kifinlandi, lugha uliyozaliwa nayo: barua hiyo siandiki. Wewe ukasimama mbele ya watu ukanivalisha mdomo wako. Umemtoa mwanangu kaburini ukampigisha kura.

Sasa nitakuambia nilichokuficha, kwa sababu naona kunyamaza kwangu ndiko kulikokupa nafasi ya kusema.

Jarkko alianza kuumwa akiwa na miaka kumi na sita. Kuumwa kichwani, kwenye roho, sijui niite nini. Daktari analo jina lake. Ule mwaka niliokuambia yuko kwenye kozi ya ufundi, alikuwa hospitali. Miezi mitano. Mwaka uliofuata tena, wiki saba. Uliniuliza anasomea nini, nikakujibu uchomeleaji, ukamtumia glavu za kazi kwa posta. Akazivaa wodini, akacheka. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia mwaka ule.

Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Familia ya Moilanen haina wagonjwa wa namna hiyo, ndivyo Eino alivyokuwa akisema. Basi nikaona nisiwe mimi niliyemleta.

Na muziki ule. Wodini walimruhusu gitaa. Siku aliyopiga, alikula. Siku asiyopiga, sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Hiyo siyo nadharia, Lempi. Niliziona sahani. Alikuwa anachukua nyimbo za kitabu chenu cha kanisa, zile ulizomfundisha mwenyewe majira ya kiangazi kwenye kinanda chako, anazigeuza ziwe nzito. Mimi hazikunipendeza, ziliniumiza kichwa. Lakini alikula.

Nenda kawaambie hayo barazani, kwa mdomo wangu, ukipenda. Haya ndiyo niliyosema mimi.

Na nijibu la Oktoba. Ukinijibu tena kwamba hakuna kubwa, usiniandikie kabisa.

Sirkka


Salmivaara, 19 Januari 2009

Sirkka,

Krismasi imepita bila barua kati yetu, ya kwanza tangu uolewe na kaka yangu. Nimeanza kukuandikia mara nyingi. Leo namaliza.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa juu kwenye kinanda nikifanyia mazoezi nyimbo za Jumapili. Walipanda ngazi wanne, Jarkko mbele. Nilifurahi kumwona, hilo amini. Akaniambia, "Shangazi, tumetengeneza ule wimbo uliompigia baba siku ya maziko yake. Tunaomba kuupiga kwenye jioni ya vijana. Mmoja tu. Mchungaji amesema wewe ukikubali, yeye hana neno." Wakati ule alikuwa bado yule mchungaji mzee.

Nikamwambia hapana.

"Sikiliza kwanza, shangazi. Dakika nne." Alikuwa na kinasa sauti kidogo mkononi, amekishika kwa mikono yote miwili.

Nikamwambia, "Sina dakika nne za takataka." Kisha nikaongeza, mbele ya wenzake, "Baba yako angekuona leo angeona aibu kukuzaa."

Ndivyo nilivyosema. Sikukosea neno hata moja, nimekuwa nikilisikia kila siku.

Hakujibu kwa hasira. Alisema, "Sawa, shangazi." Akaniuliza kama nahitaji msaada wa kushusha vitabu, goti langu alilijua. Akavishusha mpaka chini, akavipanga kabatini, akaondoka. Miezi minne baadaye ulinipigia simu.

Sasa unaelewa. Nilihitaji uwe ni muziki, Sirkka. Kama haukuwa muziki, ilikuwa nini? Nawe hukuniambia alikuwa mgonjwa. Silisemi hilo kukulaumu. Ningejua, labda ningeufunga mdomo wangu. Labda nisingeufunga. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Barazani nilikwenda tarehe kumi na tatu. Niliwaambia wote kwamba nilidanganya, wifi yangu hakunituma, na mtoto alikuwa mgonjwa tangu ana miaka kumi na sita. Veikko aliniangalia kama mtu aliyekojoa kanisani. "Kura imeshapigwa, Lempi," akasema. "Hatuwezi kufungua kila jambo kwa sababu mtu ameota vibaya." Nikamwambia sijaota. Akasema, "Ajenda inayofuata, paa la nyumba ya maiti." Wakaendelea na paa.

Mchungaji alinisindikiza nje. Nilitegemea anigombeze. Aliniuliza tu kama nina mtu nyumbani. Nikamwambia sina.

Nimeandika barua ya kuacha kazi kuanzia Pasaka. Miaka thelathini na moja inatosha.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Lempi


Västerås, 30 Januari 2009

Lempi,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Kuacha kazi hakunisaidii kitu. Kama unataka kufanya jambo, nenda Hietajärvi kwenye ibada ile. Kaa mpaka mwisho, usitoke nje kwa kisingizio cha goti. Halafu niandikie ulichokiona. Ulichokiona, siyo unachokifikiria.

S.


Salmivaara, 23 Februari 2009

Sirkka,

Nimekwenda. Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Kilomita arobaini, mchungaji alinipa lifti, barabara imeganda yote. Nakuandikia nilichokiona kama ulivyoagiza.

Kanisa la Hietajärvi ni la mbao, dogo kuliko letu. Lilijaa mpaka watu wakasimama kando ya kuta. Wengi vijana, mashati meusi, minyororo, nywele mpaka kiunoni, wanaume kwa wanawake. Lakini kulikuwa pia na mabibi wa umri wangu, na baba mmoja amembeba mtoto mwenye vizuia sauti vikubwa masikioni. Mlangoni walinipa vya kwangu, vidogo vya sponji. Jitu moja lenye nyoka aliyechorwa shingoni lilinipisha kwenye benchi. "Kaa huku, mama, karibu na ukuta. Huku hapapigi sana."

Wakaanza. Benchi lilitetemeka. Niliisikia ngoma kifuani kabla ya masikioni. Ulisema nisiandike ninachofikiria, lakini sitakudanganya tena: sikuupenda. Nimeishi na kinanda, na ule kwangu ni ukelele. Lakini maneno niliyajua yote. Waliimba beti zote, Sirkka. Kwetu Jumapili watu wanachoka ubeti wa tatu. Hawa waliimba sita, bila kitabu, na yule mwenye nyoka aliimba macho yamefumbwa, machozi yanamwingia ndevuni, wala hakuyafuta.

Wakati wa Meza ya Bwana foleni ilifika mlangoni. Walipiga magoti kimya kabisa. Wengine walikuwa hawajui washike vipi mikono, wakawa wanaangaliana.

Nikataka kuondoka baada ya baraka, ndipo mtu akaniita kwa jina. Pasi. Amenenepa, ana mke. Nilimuuliza kwa nini hapigi na hao wengine. Akasema hajapiga tangu bendi yao ife. Nikamuuliza ilikufa lini. Akasema, "Siku ile ile, mama. Kwenye gari, tukirudi Kajaani. Jarkko alisema, 'Shangazi ndiye aliyenifundisha noti. Akisema ni takataka, basi ni takataka.' Tukamwambia shangazi yako ni mzee tu, achana naye. Akasema sawa. Wiki ile akanipa gitaa lake nimtunzie. Hakuja kulichukua."

Nikamuuliza, "Alinilaani?"

"Hakusema neno baya juu yako hata mara moja," akasema. "Afadhali angesema."

Hicho ndicho nilichokiona na kukisikia. Nilikaa mpaka mwisho.

Unaweza kunichukia. Nimejiandaa. Lakini nilidhani una haki ya kujua kwamba aliacha kupiga, na aliacha kwa sababu yangu.

Lempi


Västerås, 10 Machi 2009

Wifi,

Nilijua kwamba aliacha. Aliishi kwangu.

Nimekuwa nikikuandikia kama hakimu tangu Desemba, na wewe umekuwa ukijibu kama mshtakiwa. Leo nakaa mahali pako, kwa sababu ni pangu pia.

Alipotoka hospitali ile mara ya pili, muuguzi mmoja, mama wa makamo, alinivuta kando kwenye korido. Aliandika namba ya simu, akasema, "Usiangalie kama anacheka au halii. Angalia gitaa. Akiacha kupiga, tupigie siku hiyo hiyo. Hata kama anaonekana mzima." Nikasema ndiyo. Namba ile niliibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe.

Oktoba akarudi bila gitaa. Nikamuuliza liko wapi, akasema kwa Pasi. Nikasubiri siku moja, mbili. Wiki. Hapakuwa na kelele. Majirani wakaacha kugonga ukuta. Nilitoka kiwandani nikakaa jikoni, nikasikia saa ya ukutani, nikasikia jokofu. Alikuwa mpole, anaosha vyombo, anatandika kitanda. Alikula kidogo, nikajiambia ni utu uzima.

Kila asubuhi nilifungua lile kabati kutoa kikombe, na namba ilikuwa pale, mbele ya macho yangu. Miezi minne, Lempi.

Sikupiga. Siyo kwamba nilisahau. Nilifurahi. Nilipiga magoti kando ya kitanda changu nikamshukuru Mungu kwa sababu mwanangu amenyamaza.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kasisi wa huku. Wewe ni wa kwanza, na nadhani wa mwisho.

Sitasema nimekusamehe, kwa sababu sijui nani kati yetu anapaswa kulisema kwanza. Barua ya kuacha kazi kairudishe, watu wa huko watazikwa na nani kama wewe hupigi. Mchungaji wako mwambie nimesoma barua yake, na kwamba mwakani aombe tena kura, nami safari hii nitaandika kwa mkono wangu.

Nakuja tarehe tano Juni kwa meli, halafu treni mpaka Kajaani. Usije kunipokea na watu. Usipike. Njoo peke yako, twende moja kwa moja makaburini, na tukifika tusiombe kwa sauti. Tumwambie kila mmoja la kwake.

Sirkka